Rangi ya Utosini

Coulter Mills, Ohio
Jumapili, 29 Agosti 1976

Mdogo wangu Rudy,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila joto tu. Mama magoti yanamsumbua lakini kanisani haachi, na leo amemwambia padri mbele ya watu kwamba mahubiri yake ni marefu kuliko Kwaresma. Bernadine yuko jikoni wiki nzima anachemsha nyanya za bustanini na kuzifungia kwenye chupa. Nyumba yote inanuka siki na mimi nimepigwa marufuku kukanyaga sakafu yake. Kiwandani wamezima tanuru jingine. Shemeji yako huyo anauliza kama huko Alaska mnakula chakula cha watu au mnakula dubu.

Sasa habari yenyewe. Mwanao Dale amekua. Ulipomwacha kwangu mwezi wa tatu alikuwa mwembamba, bado anamlilia mama yake chumbani akidhani hatumsikii. Sasa ungemwona! Mabega hayo, shingo hiyo. Nimempa nafasi ya beki wa kati katika timu yangu ya futiboli ya shule, yeye ndiye atakayewaangusha wakimbiaji wao msimu huu, na ana miaka kumi na sita tu. Alhamisi mazoezini nilimtia Uchochoroni na mtoto wa Pavlik mwenye duka la vifaa, unalijua lile jitu. Nikalaza magunia pande mbili kama siku zote, nikawasimamisha huyu mwisho huu na yule mwisho ule, nikapuliza filimbi, wakavaana. Kishindo kilisikika mpaka barabarani. Pavlik mdogo alikaa chini akabaki anayahesabu meno yake kwa ulimi. Dale akasimama anacheka. Nikajisemea, huyu ni Hudak kweli.

Kuna upuuzi nikuchekeshe. Makocha wote wa kaunti tuliitwa kikao, akaja bwana mmoja kutoka Columbus na tai yake, eti mwaka huu kuna sheria mpya: marufuku mchezaji kumvamia mwenzake kwa kutanguliza kichwa. Tukamuuliza, sasa tutangulize nini, barua ya maombi? Bwana akakunja makaratasi yake kwa hasira. Mimi nafundisha nilivyofundishwa. Weka kichwa kifuani mwa mtu, tokea upande wa pili. Vinginevyo helmeti imetengenezwa ya nini?

Mwandikie mwanao umtie moyo. Mchezaji akijua baba yake anamfuatilia anacheza kwa roho moja.

Kaka yako,
Emil


Kambini, kaskazini mwa milima, Alaska
12 Septemba 1976

Kaka Emil,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ya posta ilizunguka juu yetu ikarudi zake. Nimefurahi kusikia Mama bado anawasumbua mapadri. Mwambie shemeji tunakula nyama ya ng'ombe kila Jumapili, na dubu ndio wanaotaka kutula sisi. Theluji imeanza. Kazi yangu ni kulala chali chini ya bomba la mafuta nikichomelea, na jioni sina nguvu hata ya kuvua viatu. Nikimkumbuka marehemu Loretta wangu nashukuru kwamba nimechoka.

Nimefurahi pia kwa habari za Dale, na ahsante kwa yote. Lakini kaka, naomba usikasirike, hicho ulichoandika kuhusu kichwa kimenikosesha raha.

Nachomelea na mtu mmoja wa Texas anaitwa Odell, ambaye kwao alikuwa kocha msaidizi. Binamu yake mwenyewe aliinamisha kichwa kumkaba mtu, mechi ya shule tu, na mpaka leo analishwa kwa kijiko. Nilipomsomea barua yako Odell aliniburuta bwaloni, akasimamisha gunia la unga, akanionyesha tangu mwanzo. Macho yatazame mkanda wa mkimbiaji, maana kichwa na mabega yake yanaweza kukuzuga, kiuno hakiwezi. Ukunje magoti, siyo mgongo. Uso uwe juu ili uone unachokigonga. Kichwa kipite pembeni, bega ndilo ligonge, mikono imzunguke na ikamate suruali yake kwa nyuma, kisha miguu iendelee kukimbia mpaka alale. Hiyo miguu ndiyo inayoangusha mtu. Ukiinamisha kichwa, shingo inanyooka kama mpini wa koleo, na uzito wote wa watu wawili unaishia pale pale.

Mpishi alitutukana kwa ajili ya unga wake, lakini nilielewa kila kitu. Tafadhali mfundishe Dale hivyo. Wewe ni kocha mzuri, hutashindwa. Na mwambie aniandikie mwenyewe, hata mistari miwili.

Mdogo wako,
Rudy


Coulter Mills
3 Oktoba 1976

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mama amekuokea keki zako za kokwa za jozi. Posta wamelikataa boksi lake mpaka lifungwe upya, naye amewapa vidonge vyao, foleni nzima imesikia. Majani yameanza kuanguka, Bernadine ananidai nisafishe mifereji ya paa, nami namkwepa.

Tumeshinda mechi zote mpaka sasa. Na wiki hii helmeti ya Dale imekaa katikati ya dirisha la duka la Pavlik, juu ya kitambaa chekundu! Sihitaji kukueleza kwamba pale hukaa ya aliyegonga kuliko wote. Wewe ulicheza misimu mitatu na helmeti yako haikuwahi hata kukaribia kile kitambaa. Jumamosi asubuhi vijana walipozipanga pale dirishani, wazee wote walikuwa nje na kahawa zao, wanaonyeshana kwa vidole. Rangi hii ya kijani imetoka helmeti za Wick Hollow, hii ya bluu za Tarrow. Ile nyeupe yetu huioni tena, kileleni ni michirizi mitupu ya rangi za watu. Nimewaambia vijana, ole wake atakayeifuta. Mzee Sabol amemnunulia Dale mayai na soseji kwa mkono wake, mtu ambaye hajawahi kumnunulia hata mkewe.

Sasa hilo la gunia la unga. Rudy, wewe unachomelea bomba. Chomelea bomba. Nimefundisha timu hii tangu hujaanza kunyoa ndevu, halafu unaniletea masomo ya mtu wa Texas aliyekuwa kocha msaidizi? Nani amefukuzwa Texas akaishia kwenye barafu kwa sababu alikuwa hodari? Umenichekesha, halafu umeniudhi. Mkimbiaji hakumbatiwi, mkimbiaji anavunjwa moyo. Akigongwa mara ya kwanza na kichwa cha Dale, mara ya pili anautafuta mstari wa pembeni mwenyewe. Refa ametupulizia filimbi mara moja tu tangu msimu uanze, tena alikuwa kijana, hajui kazi.

Dale anakusalimu. Angekuandikia, ila mkono wake wa kulia umechoka, ni mambo ya mazoezi tu. Bernadine anamdekeza kupita kiasi, siku hizi asubuhi eti anamfungia vifungo vya shati! Nimemwambia utaniharibia askari.

Kaka yako,
Emil


Kambini
17 Oktoba 1976

Emil,

Keki za Mama zimefika, mwambie ahsante. Msalimie shemeji. Mimi mzima. Hizo ndizo salamu.

Vifungo? Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye foleni ya chakula, na nilipofika kwenye vifungo nilitoka kwenye foleni. Kijana anayeangusha wanaume hawezi kufunga shati lake, na wewe unaniandikia kama kichekesho. Mkono wa kulia una nini? Unakufa ganzi? Kila akigonga mtu anasikia umeme unatoka shingoni unashuka mpaka vidoleni? Muulize. Muulize akiwa peke yake, siyo mbele ya vijana wenzake, maana mbele yao atasema hana kitu. Huo siyo uchovu, Emil. Hiyo ni shingo inaomba msaada, na wewe umejifanya hamnazo.

Na hilo dirisha lenu. Rangi iko sehemu gani ya helmeti? Umeandika mwenyewe: kileleni. Mtu anayekaba sawasawa anapata rangi pembeni, au inamwingia begani kwenye jezi, au haipati kabisa. Rangi ikiwa utosini maana yake alikuwa anatazama nyasi alipomgonga mtu. Kila mchirizi pale ni mara moja ambayo angeweza kuvunjika shingo, na hakuvunjika kwa bahati tu. Mnauweka ushahidi dirishani, juu ya kitambaa, mnasimama nje na kahawa zenu mnashangilia. Mji mzima wa watu wazima! Na mimi nililipita dirisha hilo maisha yangu yote, sikuona kitu mpaka nilipofika huku kwenye barafu unakokucheka.

Mpeleke Dale kwa daktari wa mifupa Pittsburgh. Sitaki yule daktari wenu anayekaa benchi amevaa kofia ya timu. Asicheze wala asifanye mazoezi mpaka daktari aseme. Nimemwandikia Dale barua yake peke yake, imeondoka na ndege hii hii, na nimemchorea jinsi ya kukaba, uso juu, bega, mikono, miguu. Nimemwambia hata umtukane vipi asiinamishe kichwa tena. Mimi ndiye baba yake, na hilo ni agizo.

Rudy


Coulter Mills
Jumatatu, 1 Novemba 1976

Rudy,

Mama hajambo. Bernadine hajambo. Hata shikamoo umeona tabu kuniandikia, basi na mimi sitakupotezea muda.

"Mimi ndiye baba yake," umeandika. Ulikuwa wapi, baba yake, alipokuwa anaamka anamwita mama yake? Ni nani aliyekwenda kumkalia kitandani? Ni nani aliyemfundisha kuendesha gari, akagonga nguzo yangu ya uzio, na sikumwambia kitu? Wewe ulimzika mkeo ukakimbilia ncha ya dunia, ukaniachia mtoto na boksi la nguo. Sikukulaumu. Lakini usije kwangu na maagizo. Mimi ni baba yake mkubwa, huyu ni mwanangu, na haki hiyo nimeipata kwa kukaa naye.

Daktari wetu amemwangalia mkono. Amesema ni mshipa umevutika, apake dawa ya moto. Basi, limekwisha hilo.

Sasa nikwambie barua yako ya michoro imefanya nini. Ijumaa tulicheza na Orland. Mwanao ameingia uwanjani uso juu kama anatafuta ndege, anawadaka wakimbiaji kiunoni kama anacheza nao muziki. Waliangushwa, sikatai. Waliangushwa wote waliopita kwake, na tumeshinda. Lakini waliangushwa kimya kimya! Hakuna aliyebaki chini, hakuna aliyechechemea, wanainuka wanajikung'uta wanarudi tena. Jumamosi Pavlik akanipigia simu, helmeti ya Dale haina mchirizi mpya hata mmoja, aiweke wapi? Akaiweka nyuma, karibu na makopo ya misumari. Mzee Sabol akaniuliza mbele ya watu kama mwanangu amejiunga na kwaya. Unajua nilivyojisikia? Mimi, Emil Hudak, nimesimama barabarani kwangu nachekwa kwa ajili ya mtu wa Texas na gunia lake la unga.

Nimezungumza na Dale. Anasema, "Baba amesema." Nikamwambia baba hayupo hapa.

Sikukuu ya Shukrani inakuja, tuna mechi na Stokely Bend, na siwezi kwenda kule na beki anayekumbatia watu. Leo mazoezini anarudi Uchochoroni. Nimemwambia Pavlik mdogo aipake helmeti yake rangi nyekundu, ionekane vizuri, na Dale hatoki mle mpaka niione nyekundu hiyo juu ya kichwa chake. Baada ya hapo atakuwa amepona ugonjwa uliomtumia kwa posta.

Emil


Coulter Mills
Jumatano, 3 Novemba 1976

Rudy,

Najua Bernadine ameshakupelekea telegramu. Asikutie wasiwasi kupita kiasi, unamjua kwa kutia chumvi. Dale aliteleza mazoezini juzi. Mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zilikuwa matope, yalikuwa mazoezi ya kawaida. Haya mambo hutokea. Yuko hospitali Pittsburgh, wanamwangalia shingo. Anaongea vizuri. Aliniomba maji.

Mama anasali. Ukipata ndege, njoo.

Emil


Hospitalini, Pittsburgh
28 Novemba 1976

Emil,

Nakuandikia ingawa gari lako liko pale chini kwenye maegesho, naliona kutoka dirishani kwa Dale. Nakuandikia kwa sababu sitaki kuisikia sauti yako. Mimi ndiye niliyewaambia wauguzi wasikufungulie, wala usiwagombeze, wanafanya nilichowaagiza. Mama alikuja Jumanne na Bernadine. Mama alimshika Dale uso, akaondoka.

Huulizi, lakini nitakwambia. Miguu haisogei kabisa. Mkono wa kushoto unasogea kidogo akijitahidi, na akijitahidi jasho linamtoka mpaka kwenye mto. Wa kulia hajui hata kama upo. Wamemtoboa fuvu pande mbili, wameshika kwa vyuma, uzito unaning'inia nyuma ya kitanda unavuta shingo. Wanamgeuza yeye na kitanda chake, mara anatazama dari, mara anatazama sakafu. Akitazama sakafu mimi nalala chini ya kitanda ili aone mtu. Ndiyo kazi yangu siku hizi, kulala chali.

Barua yako ya tarehe mosi imenifikia jana. Ilikwenda Alaska ikanikosa, Odell akaitia pamoja na nguo zangu. Sikuwa naihitaji. Mtoto wa Pavlik alikuja hapa wiki iliyopita, amepanda basi peke yake, akasimama mlangoni hajui aweke wapi mikono. Nilimpeleka ngazini, akanieleza. Alisema Dale aliingia Uchochoroni uso juu, akamwangusha. Ukasema rudia. Akaingia tena uso juu, akamwangusha tena, safi. Ukasema rudia. Pavlik alisema mkono wa Dale ulikuwa unaning'inia, akakwambia, "Kocha, mkono wake." Ukamwambia anyamaze. Halafu ukamwendea Dale, ukamshika kwenye chuma cha mbele ya helmeti, ukasema mbele ya wote, "Nataka rangi. Baba yako hayupo hapa." Safari ile akainamisha kichwa.

Yule mtoto alilia mpaka akatapika kwenye ngazi. Anadhani amemuua mwenzake. Wewe umemwendea? Umemwambia siyo kosa lake? Najua hukumwendea, nilimuuliza.

Na nyasi zilikuwa kavu. Pavlik anasema kulikuwa na vumbi, mlikuwa mnakohoa.

Alhamisi, Sikukuu ya Shukrani, jirani wa Dale wodini alifungulia redio. Mmeifunga Stokely Bend. Mtangazaji akasema kocha Hudak ameutoa ushindi huu kwa mwanawe aliyeko kitandani. Dale alisikia, akatabasamu, na mimi nilitoka nje nikapiga ngumi mashine ya soda mpaka mlinzi akaja. Ulikuwa na ujasiri gani wa kulitaja jina lake kwenye redio? Ulimtoa yeye kafara kwanza, ndipo ukamtolea ushindi.

Usirudi hapa.

Rudy


Coulter Mills
3 Desemba 1976

Rudy,

Umenifungia mlango. Mimi, kaka yako. Nimekaa kwenye maegesho yale siku baada ya siku, wauguzi wananipita wakienda nyumbani wananitazama kama mwizi wa magari.

Sijui nianze wapi na salamu. Bernadine hasemi na mimi, amehamia chumbani kwa Mama. Mama akiniona anageukia ukutani. Mji umegawanyika. Kuna wanaonishika mkono barabarani, na kuna wanaovuka upande wa pili. Sabol amekuja kuniambia nisijali, mchezo ni mchezo, na nilimfukuza, sijui kwa nini. Shule wanasema nipumzike mpaka mwakani. Nimewaambia sipumziki. Kwa nini nipumzike? Nimefundisha hivi miaka yote hii na hakuna aliyevunjika. Kocha wangu alifundisha hivi. Kila mtu kaunti hii anafundisha hivi, hata hao wanaovuka barabara, watoto wao nimewafundisha mimi na walinishukuru!

Unataka niseme nini? Niseme nilitaka? Nilitaka awe hodari. Hakuna kijana niliyempenda kama yule. Nilipomwona amelala pale hakujikunja, hakushika kitu, nilijua, Rudy, nilijua kabla mtu hajakimbia. Nilipiga magoti nikamwambia inuka. Nikamwambia inuka, acha mchezo. Nilimpigia kelele. Sikuwa na neno lingine mdomoni.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Pavlik ni mtoto, hakumbuki.

Nipe dakika tano. Sitaongea na wewe, wala huna haja ya kuniangalia. Nataka tu anione.

Emil


Hospitalini, Pittsburgh
8 Desemba 1976

Emil,

Sijakusamehe na sidhani kama nitakusamehe. Hili lieleweke kabla hujasoma zaidi, usije ukaja hapa na mikono wazi.

Madaktari wameniambia juzi kwamba hakuna kitakachorudi zaidi ya huu mkono wa kushoto. Nimemwambia Dale mwenyewe, sikutaka mtu mwingine amwambie. Nilidhani ataniuliza kama atatembea, au ataishi vipi, au nani atamlisha mimi nikiwa sipo, na yote hayo nilikuwa nimejiandaa kuyajibu, nimeyalalia na kuyaamkia.

Hakuuliza hata moja. Aliuliza kwa nini huji. Amekuwa anahesabu wanaoingia, Mama, Bernadine, Pavlik, padri, hata mwalimu wake wa hesabu, na wewe hujaingia. Nilikuwa sijamwambia kwamba ni mimi niliyekuzuia. Basi amekaa siku zote hizo na jibu lake mwenyewe kichwani, na jana akalisema, anatazama dari, sauti ndogo kabisa:

"Baba, mwisho niliinamisha kichwa kama alivyotaka. Mbona bado amenikasirikia?"

Nimewaambia wauguzi wakufungulie. Njoo kesho saa nane mchana, mimi nitakuwa nimeshuka kula. Nilimwambia kwamba hukumkasirikia, akasema wewe unasema tu, baba. Mimi haniamini kwa hilo. Njoo umjibu wewe.

Rudy